Mtoto Aliyekatazwa Kunyamaza

Ejok noi, hamjambo, nyinyi wote mnaoingia leba siku hizi na simu mfukoni. Mimi ni Nakiru. Shule sikuenda. Hii kuandika nilijifunza ngumbaru, meno ikiwa imeshaanza kung'oka, kwa hivyo mkiona herufi imelala msiiamshe, imechoka. Lakini miaka ishirini na zaidi nilifagia, nikachota maji, nikafua shuka na nikashika watoto kwa kile kituo chetu kidogo cha Kakuma. Watoto wenye nimeshika mimi, ukiwapanga mstari, wa kwanza atakuwa Kakuma na wa mwisho atakuwa Kainuk anauliza polisi njia.

Kazi nilipewa na nge. Nilikuja kituoni nimeumwa mguu. Nge yenyewe ilikufa, mimi nikapona. Nikingoja dawa nikaona sakafu ni chafu, nikachukua fagio. Sista Veronika, yeye ndiye alikuwa mkubwa wa leba, akanikuta nafagia nikiruka na mguu mmoja. Akasema, "Huyu mguu wa pili ukipona atafagia mpaka Lodwar." Nikaanza kazi siku hiyo hiyo.

Huyu Sista mnafaa mumjue. Alikuwa mfupi, akisimama nyuma ya kitanda unafikiri kitanda kinaongea. Lakini sauti yake ilikuwa inavuka laga ya Tarach, ule mto wa mchanga, na kurudi. Hakunifundisha na kitabu. Alikuwa ananiambia tu, "Nakiru, macho kwanza, mikono baadaye." Na mimi nilikuwa mikono kwanza. Siku moja nilichemsha ule mpira wa kuvuta kamasi ya watoto mpaka ukageuka uji. Alinifukuza mpaka sokoni. Halafu akanifuata kunirudisha, kwa sababu maji ilikuwa imeisha na hakuna mwingine wa kuchota.

Sasa mimi nilikuwa na kitu kimoja chenye hata madaktari hawakuwa nacho. Nilikuwa najua kunyamazisha mtoto. Mama zetu wa Turkana wanatikisa kibuyu cha maziwa kwa mapaja, pole pole, tik-tak, tik-tak, mpaka maziwa inashika. Mimi nilikuwa nalaza mtoto mchanga kwa mapaja hivyo hivyo, nampeleka huku na huku kidogo tu, na mguno kwa koo langu. Alikuwa hafikishi hesabu ya kumi kabla ya kulala. Wazungu wa kambi ya wakimbizi walikuwa wanakuja kuangalia. Punda wakipita nje wanapunguza mwendo. Nikisema naringa, ndio, naringa. Ilikuwa haki yangu.

Na hiyo kuringa karibu iue mtu.

Kambi ilikuwa bado changa wakati huo, miaka ya tisini, watu wanaingia kutoka Sudan kila siku na mikeka kichwani. Asubuhi moja akaletwa msichana Mdinka anaitwa Achol. Mrefu, akilala kwa kitanda miguu iko kwa jirani. Mimba ya kwanza. Bwana yake alikuwa amebaki huko Sudan kwenye vita, hajui kama yuko hai. Kwa hii dunia yote Achol alikuwa na hiyo tumbo tu.

Akazaa vizuri, jua ikiwa imetoka kidogo. Msichana. Alilia kilio cha kuvunja mabati. Sista akacheka, akasema, "Huyu atakuwa chifu." Akakata kitovu, akanipea mtoto, akarudi kwa Achol kwa sababu damu ilikuwa inakuja mingi.

Nikakaa kwa kiti changu. Nikaweka mtoto kwa mapaja. Tik-tak, tik-tak. Akanyamaza haraka kuliko wote wenye nimewahi kushika. Nikamwambia Sista, "Umeona? Huyu hakufika hata tano."

Halafu nikaona kifua. Kile kifua kidogo kilikuwa kinaingia ndani chini ya mbavu, kinavuta, kinavuta, na hakuna sauti. Mdomo umefungwa kabisa. Nikafungua midomo na kidole, nikaona ulimi umekuwa rangi ya zambarau iliyoiva.

"Sista!"

Akaruka, akampiga chini ya unyayo. Mtoto akafungua mdomo, akalia. Ulimi ukarudi pinki kama wa mbuzi. Sista akavuta kamasi, akasikiliza kifua, akasema kifua ni safi. Akanirudishia. Nikakaa. Tik-tak.

Zambarau tena.

Mara ya tatu Sista akanisimamia kiuno imeshikwa. "Nakiru, wewe unafanya nini mtoto wa watu?"

"Namnyamazisha!"

"Kila ukimshika anakufa!"

"Si mimi, Sista! Ni kimio. Kimio imerefuka imeziba koo. Tuite yule mzee wa nyuma ya soko akate, mara moja tu, atapona."

Vijana, msinicheke. Hata siku hizi kuna watu wetu, mtoto akipumua vibaya, wanakimbilia kisu kukata kimio. Mimi pia niliamini hivyo, mama yangu aliamini hivyo. Na tungekata, huyo mtoto angemeza damu na kufa mbele yetu, na tungesema kimio ilikuwa mbaya sana.

Sista akasogea karibu na mtoto. Alisimama anaangalia tu. Macho kwanza. Mtoto analia, ulimi pinki. Mtoto ananyamaza, mdomo unafunga, ulimi zambarau. Akasema pole pole kama mtu anasoma ukuta wa mbali, "Huyu analia ndio anapona. Ananyamaza ndio anakufa. Nakiru, lete pamba."

Akachomoa uzi moja ya pamba, nyembamba kama ya buibui, akashika mbele ya tundu moja ya pua. Haikutikisika. Tundu ya pili. Haikutikisika. Nilikuwa nimeleta kioo, nimesikia pumzi inaweka ukungu. Akaniambia, "Toa hiyo kioo. Na hii joto ya Kakuma hata chai haiweki ukungu." Kisha akachukua ule mpira mwembamba wa kulishia, akapaka mafuta, akaingiza puani pole pole. Uliingia kidogo, kama urefu wa kucha ya dole gumba na nusu, ukagonga. Upande wa pili, ukagonga hapo hapo.

"Pua yake haina mlango wa nyuma," Sista akasema. "Alizaliwa na ukuta. Mwalimu alituambia nikiwa shule, nikafikiri ni hadithi."

Mimi nikauliza, "Si apumue na mdomo, kwani mdomo wa nini?"

Hapa ndio nataka mfungue masikio. Mtoto mchanga hajui kupumua na mdomo. Mimi na wewe pua ikiziba tunafungua mdomo, hatufikirii. Yeye bado hajajifunza. Kwake mdomo ni wa kunyonya na kulia, basi. Kwa hivyo yule ambaye pua imezibwa pande zote anabaki na pumzi ya kilio tu. Na kulia ni kazi. Atalia mpaka achoke, na akichoka atanyamaza. Si kwamba amepona. Amechoka.

Na ingine ya macho: usitafute bluu kwa ngozi ya mtoto wa kwetu, au wa Dinka. Utatafuta mpaka azikwe. Angalia ulimi, angalia ufizi.

Mwenye anaweza kufungua huo ukuta alikuwa Nairobi. Njia ya Nairobi ilikuwa ndege, na ndege ilikuwa inaitwa na hospitali kubwa Lodwar. Lodwar ni kilomita mia na zaidi, na lami ya siku hizo ilikuwa mashimo yenye yamewekwa lami kidogo pembeni. Sista hangeweza kwenda. Kulikuwa na mama wawili wengine leba, mmoja mtoto amekuja na matako.

Akafungua sanduku yake. Humo alikuwa anaficha chuchu za chupa zenye alinyang'anya wamama, alizichukia kuliko fisi, alikuwa anasema zinaleta kuhara. Akachagua moja, akakata ncha na makasi, akatoboa tundu kubwa pembeni, akaichemsha, yeye mwenyewe, mimi sikuruhusiwa karibu na jiko. Akaiweka mdomoni mwa mtoto na kuifunga na bendeji kuzunguka kichwa. Mdomo ukabaki wazi. Hewa ikapita hapo kwa tundu, fyuu, fyuu. Ulimi pinki, bila kulia.

Akanishika mabega. Alibidi apande stuli. "Nakiru, wewe ndio unaenda. Hii chuchu isitoke. Ikitoka, mlize. Usimnyamazishe. Umesikia? Leo ukimnyamazisha utakuwa umemuua."

Sijawahi kupewa kazi kubwa hivyo, na mimi nimewahi kuzima moto ya nyumba na ndoo moja ya maziwa.

Dereva wetu alikuwa Ekai. Mwembamba, mdomo mrefu, mtu wa kuongea hata akiwa amelala. Tukapanda, mimi na mtoto kwa mapaja, Achol ameegemea mlango amefunikwa shuka. Hajapata hata saa tatu tangu azae.

Kwa kizuizi cha polisi hapo nje ya Kakuma shimo likarusha gari, chuchu ikasogea, mtoto akalia. Polisi akaingiza kichwa dirishani. "Mama, si unyonyeshe huyo mtoto? Anatupigia kelele hapa."

"Wewe! Akinyamaza utaandika kwa kitabu yako kwamba umeua!"

Ekai akamwambia, "Afande, fungua tu. Huyu mama leo analindwa na kelele." Akafungua. Hakuangalia hata kitambulisho.

Nikarudisha chuchu. Tukaenda. Lakini shida yangu ikawa Achol. Anaona wageni wamefunga mtoto wake mdomo na plastiki. Anaona matiti imeanza kuuma. Hakuna mtu amemweleza kitu kwa lugha yake. Kiswahili yake ilikuwa ya sokoni, ya kununua chumvi. Akaanza pole, "Mama, mimi nataka nyonyesha." Nikasema hapana. Akasema tena. Nikasema hapana. Kisha akanyoosha mkono wake mrefu, akashika bendeji kuitoa.

Nikashika mkono wake. Akavuta. Nikavuta. "Biniya tai!" analia, mtoto wangu, mtoto wangu. Nguvu ya mtu amezaa leo, vijana, msiidharau. Karibu anitoe bega.

Nikaona maneno haitafika. Mkono wangu mmoja ulikuwa chini ya mtoto. Na huo mwingine, mkono wa mtu wa fagio na ndoo, nikamziba Achol pua na mdomo pamoja, pap! Mkono mmoja ulitosha.

Macho yakamtoka. Akapiga miguu. Ekai akaona kwa kioo. "Mama Nakiru! Unaua mgonjwa kwa gari yangu?"

"Endesha!"

Nikamwachilia mdomo tu, pua bado nimeshika. Achol akavuta hewa kwa mdomo kama mtu ametoka majini. Nikamwonyesha pua ya mtoto na kidevu changu. Nikafanya hapana na kichwa. Nikamwonyesha ile tundu ya chuchu. Nikapuliza, fyuu. Nikamwachilia pua.

Achol akaweka kidole chake mbele ya pua ya mtoto, hakuhisi kitu. Akaweka mbele ya tundu. Akahisi. Hakugusa bendeji tena. Kutoka hapo akashika ncha ya bendeji na vidole viwili, kuzuia isisogee, na macho yake haikutoka kwa ulimi wa huyo mtoto hata tukigonga shimo la kuzika ngamia.

Na ni yeye aliona kwanza. Tulikuwa tumeshapita nusu ya njia. Jua imekuwa kali, jasho imelegeza bendeji, kamasi na povu imejaa ndani ya chuchu. Achol akanipiga goti. "Mama. Mama!"

Zambarau.

Nikatoa chuchu, ikaanguka chini kwa mchanga wa miguu yetu. Nikapanguza mdomo na leso ya Achol. Nikampiga unyayo. Hakulia. Nikafinya sikio. Hakulia. Alikuwa amechoka kulia, ile nimewaambia. Mtoto analala kwa mapaja yangu kimya kabisa, na miaka yote hiyo mimi nilikuwa najivunia hiyo kimya.

Ekai akauliza, "Nisimame?" Sauti yake imekuwa ndogo, mara ya kwanza tangu azaliwe.

"Usisimame!"

Sikuwa na kitabu cha kukumbuka. Nikafikiri kitu moja tu: huyu anataka mlango. Asubuhi nilikuwa nimesugua mikono na sabuni ya Sista mpaka ngozi ikauma, na nilikuwa nimepaka spiriti. Nikaingiza kidole kidogo kando ya mdomo, juu ya ulimi, nikasukuma ulimi chini, na dole gumba nikavuta kidevu mbele. Mdomo ukafunguka. Kifua kikavuta. Mara moja hakuna. Mara ya pili, hakuna. Mara ya tatu nikahisi hewa inapita kando ya kucha yangu, baridi, ndogo kama ya panya.

Hapo nikabaki. Kidole mdomoni, mdomo wazi. Nikipunguza kidogo, Achol ananigonga goti. Nikirekebisha, ananiambia, "Kweis." Nzuri. Hivyo tu: goti, kweis, goti, kweis. Yeye anachunga ulimi kama taa, mimi nashika mlango. Kidole kilikufa ganzi kabla ya kuona ile milima mifupi ya Lodwar. Nawaambia ukweli, hicho kidole kilinenepa siku hiyo, mpaka leo hakiingii pete.

Pale Lodwar wakatuletea daktari kijana, ametoka kusini juzi tu, viatu bado vinang'aa. Akasema, "Mama, toa kidole nimpime."

Nikasema, "Leta kwanza mpira wako wa kufungua mdomo, ndio nitoe kidole."

Watu wote wa chumba wakaniangalia. Mfagiaji na mguu umejaa vumbi anaambia daktari. Nikamweleza hivi: "Pua haina mlango wa nyuma. Pande zote mbili. Sista aliingiza mpira ikagonga. Analia anapona, ananyamaza anakufa. Sasa hata kulia hawezi."

Huyo kijana alikuwa na akili. Hakukasirika. Alitoa ule mpira mdogo uliopinda, akauweka juu ya kidole changu, akaniambia, "Sasa, pole pole." Nikatoa. Hewa ikapita. Akaangalia mtoto, akaangalia kidole changu chenye kimekunjana kama cha mtu amefua wiki nzima. "Wewe ni nesi wa Kakuma?"

"Mimi ni wa kufagia."

Aliandika kwa karatasi muda mrefu. Sikujua kusoma, lakini niliona ameandika mingi, na nilijua nusu ni yangu.

Ndege ikaja kesho yake asubuhi, ikawachukua. Achol akiingia kwa ndege hakusema kwaheri. Alikuwa anaangalia ulimi.

Sasa mkae hivyo hivyo mkingoja, kama mimi nilivyongoja. Hakuna simu. Mwezi wa kwanza, hakuna habari. Mwezi wa pili, hakuna. Watu wa kituo wakaanza kuongea chini chini. Mimi sikuwa nanyamazisha watoto tena. Nikipewa mtoto, ananyamaza, mimi namfinya kidogo nione ulimi. Wamama wakalalamika kwa Sista kwamba yule wa fagio ameingiwa na shetani, analiza watoto wao.

Sista hakunigombeza. Alinipa pamba. Akasema, "Badala ya kufinya, fanya hivi." Tangu siku hiyo kila mtoto akizaliwa kwetu, mimi ndio nilikuwa naweka uzi wa pamba kwa pua, tundu moja, tundu ya pili. Manesi wapya kutoka chuo, wenye vyeti, Sista alikuwa anawaleta kwangu wafundishwe. Nikawafundisha pia habari ya yule mtoto mwingine wa nadra tuliyempata, wa kidevu kidogo kama cha mjusi. Huyo pua ilikuwa nzima, lakini ukimlaza chali ulimi unateleza nyuma unaziba koo, anakoroma kama mzee wa rika ya babu yangu. Sista akamgeuza kifudifudi, ulimi ukaanguka mbele, kukoroma kukaisha. Tukamtuma Lodwar akiwa amelala hivyo hivyo. Nyinyi siku hizi mko na kile kidude cha taa nyekundu mnafunga kidoleni kinawaambia pumzi ni ngapi. Ni kizuri. Betri ikiisha, mnishukuru.

Mwezi wa tatu, mchana, tunaosha vitanda, mtu akainama mlangoni. Alibidi ainame, mlango ulikuwa mfupi kwake. Achol. Mgongoni kuna kitu kimefungwa.

Tuliogopa kuuliza. Sista ameshika ndoo, haiweki chini.

Achol akakaa kwa benchi. Akafungua kitambaa. Mtoto amenona, mashavu inashuka mpaka shingoni, kwa pua kuna alama ndogo mbili za pale mirija ilikuwa imewekwa baada ya ukuta kutobolewa. Huko Nairobi Achol alikuwa anakamua maziwa kwa kikombe, kila siku, wiki zote hizo, asikauke. Wenzake walimwambia aache. Hakuacha.

Akatoa titi, akaweka mtoto.

Mtoto akashika. Mdomo umejaa, umefungwa kabisa, hakuna mahali hata uzi ungepita. Tukaangalia. Ananyonya, anameza, ananyonya. Hakusimama kuvuta hewa. Tundu za pua zikawa zinafunguka na kufunga, pole pole. Sista akaweka ndoo chini. Hakuna mtu alisema neno, wala mimi, na mnajua mimi.

Ekai akaingia kutoka nje, funguo ya gari mkononi. Akatuona tumesimama hivyo, leba yote kimya kama kaburini.

"Mbona kimya hivi?" akauliza. "Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa," nikamwambia. "Mtoto anakula."